Akili mnemba, mmiliki wa bidhaa na mizani ya korosho

Katika utaratibu wa Scrum, unaofuatwa na timu nyingi za kutengeneza programu, mmiliki wa bidhaa ndiye anayeamua kipi kitengenezwe kwanza na kipi kisubiri. Mwongozo wa Scrum wa mwaka 2020 unataka awe mtu mmoja, si kamati. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika na kujibu maswali, itoke Novemba 2022, kazi ya mezani ya mmiliki wa bidhaa imekuwa nyepesi mno: kuandika mahitaji ya watumiaji, kufupisha vikao, kupanga malalamiko.

Kwa timu ndogo za Mtwara na Lindi hilo ni jambo la kufurahia, na nalisema bila kusita. Chukua timu inayoitengenezea AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, programu ya kupokelea korosho, ambako mtu mmoja ndiye mmiliki wa bidhaa, mjaribu programu na mpokea simu za wateja. Leo katibu wa chama anaweza kueleza shida yake asubuhi, mchana akaonyeshwa mfano kwenye simu, akasema "hapa sipaelewi", ukarekebishwa palepale kabla gharama haijaingia.

Lakini tazama malalamiko yanavyosomwa. Msimu wa minada umeanza, mkulima anatuma ujumbe: "hela yangu pungufu". Akili mnemba itauweka kwenye fungu la malipo, na mmiliki wa bidhaa ataagiza ukurasa wa malipo uboreshwe. Kumbe chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, korosho hupimwa chamani, zikasafirishwa, zikapimwa tena ghala kuu, na zisipokauka vizuri uzito hupungua. Au daraja la ubora limeshuka. Au ni makato ambayo hakuna aliyemfafanulia. Kila sababu inadai kitu tofauti kwenye programu, na ujumbe wenyewe hauitaji hata moja. Anayekaa karibu na mizani, akasikia wakulima wanavyobishana na mpimaji, atazitenganisha.

Kuna pia wasiotuma ujumbe kabisa. Bibi wa Tandahimba anayetegemea simu ya mjukuu hayumo kwenye muhtasari, na muhtasari hausemi kwamba hayumo. Unatoka nadhifu, umepangwa vizuri, unashawishi. Unadhifu huo unanitia hofu kuliko makosa ya wazi.

Watetezi hujibu kwamba hata kabla ya akili mnemba wapo wamiliki wa bidhaa ambao hawakutoka ofisini. Ni kweli. Tena muda uliookolewa ungeweza kuwafikisha Newala au Ruangwa. Ila mwajiri akiona kazi ya wiki imeisha kwa siku moja, kishawishi chake ni kumwongezea bidhaa ya pili. Na kwa kuwa uandishi wa programu nao umeharakishwa, uamuzi mbovu unamfikia mkulima upesi zaidi.

Kubandika majina, namba za akaunti na kilo za wakulima kwenye huduma ya kampuni ya nje ili zifupishwe sikubaliani nako hata kidogo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ningeiachia akili mnemba uandishi na mifano, kipaumbele nisingeiachia. Mkutano mkuu wa chama ukihoji kwa nini programu haionyeshi kilo za ghala kuu, atakayesimama kujibu ni mmiliki wa bidhaa. Basi siku za kwenda chamani wakati wa msimu ziandikwe kwenye mkataba wake kama kazi, na zilipwe kama kazi.