Duara Lenye Nukta: Alama za Njia, Kenya na Uingereza

Kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, pale Nyeri lina alama ambayo skauti wa Kenya hahitaji kutafsiriwa: duara lenye nukta katikati. Maana yake, nimekwenda nyumbani. Alifariki Januari 1941, kaburi lake likaelekezwa Mlima Kenya, na kila Februari, karibu na tarehe 22 aliyozaliwa, vijana wa skafu humiminika huko. Mzazi Mkenya aliyehamia Uingereza akitaka kumrithisha binti yake uskauti, kwa kawaida huanza na habari hiyo. Ni mwanzo mzuri, lakini kwa maoni yangu wengi wetu tunaishia hapo, na mtoto anabaki na masimulizi matupu. Cha kumrithisha ni kazi yenyewe: kufuata alama, kisha kuziweka.

Nyumbani uskauti umeshikamana na shule. Kuna mwalimu mlezi, kuna uwanja, na kichaka kiko hatua chache kutoka darasani. Uingereza kundi ni la mtaa, linaongozwa na watu wazima wanaojitolea, jioni moja kwa wiki, na mahali pengi kuna foleni ya kusubiri nafasi, kwa hiyo andikisha mapema. Mahema na ramani zipo, na msichana anapokelewa katika rika zote. Ila jioni moja haitoshi kwa njia ndefu, na majira ya baridi giza limeshaingia kabla ya watoto kukusanyika. Njia ya alama inabaki kazi ya mzazi, Jumamosi mchana.

Mshale wa vijiti una vijiti vitatu: shina la sentimita 30 hivi na viwili vifupi vya kichwa. Katika msitu wa Uingereza ukiviweka vilivyo vitapotea, kwa sababu ardhi yote imetapakaa vijiti. Chubua gome, weupe uonekane. Kisu kiwe cha kukunja, kisicho na kufuli ya makali, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Ndicho kinachoweza kubebwa hadharani bila sababu maalumu, na kikae kwa mzazi. Nyumbani mshale huchorwa tu kwenye vumbi la Februari ukatosha. Huku udongo una unyevu na umefunikwa na majani. Chaki hufutwa na mvua, na unga mbwa huulamba. Fundo la nyasi, ambalo kwetu adui yake ni mbuzi, huku lina adui mwingine, mashine ya kukatia nyasi; lifunge kando ya shamba ambako nyasi hufika magotini. Mawe ni mazuri zaidi: dogo juu ya kubwa ni endelea, la tatu likiwekwa kulia ni geuka kulia, matatu yakipandana ni tahadhari. Katika hifadhi usiyang'oe yalipo, tumia vijiti.

Kwa mtoto wa miaka 7, acha hatua 20 kati ya alama na alama, zote upande wa kulia wa njia, chini, zisizozidi kimo cha macho yake. Kila njia panda iwe na alama. Msalaba wa kukataza uwekwe hatua tatu ndani ya njia isiyo yenyewe, ili aliyekosea agundue kabla hajaenda mbali. Mraba wenye namba na mshale unaonyesha barua imefichwa hatua ngapi na upande gani, na hapo ndipo wazazi huharibu: wanapima kwa miguu yao. Hatua 10 za mtu mzima mtoto akizihesabu kwa zake ataishia njiani, atachimbua mahali pasipo kitu, alie. Pima kwa hatua za binti.

Jua nalo lina mambo yake. Uingereza, elekeza mshale mfupi wa saa ya mkononi kwenye jua. Kusini ni katikati ya mshale huo na namba 12, au namba 1 wakati saa zimesogezwa kwa majira ya kiangazi. Mbinu hiyo usiende nayo Nyeri, karibu na ikweta, ambako jua hukaa kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine. Kijiti cha kivuli ndicho kinachofaa kote. Simika kijiti cha mita 1, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, ngoja dakika 20, weka la pili. Kutoka la kwanza kwenda la pili ni mashariki. Nyumbani fanya asubuhi, maana Machi na Septemba jua la saa sita liko utosini na kivuli karibu hakipo. Uingereza fanya karibu na adhuhuri, kwa kuwa asubuhi na jioni mstari hupinda.

Baada ya safari mbili tatu, mwachie binti atangulie na mtu mzima mmoja, aweke yeye, nyinyi mfuate dakika 15 baadaye. Hapo utaona amejifunza nini: anayesahau njia panda ataitwa arudi. Wa mwisho kwenye msafara ndiye anayetawanya vijiti na kurudisha mawe. Duara lenye nukta, linalofunga njia, halifutwi mpaka huyo wa mwisho awe amefika.