Posta ya Zamani: machinga, mtaro na mita tatu

Mjadala wa machinga wa katikati ya Dar es Salaam ukiibuka, Posta ya Zamani haikosi kutajwa. Jengo ni la Wajerumani, la miaka ya 1890. Karibu yake pana kituo cha mwendokasi, na watu wa pantoni la Kigamboni hupita kwa wingi.

Wanaotaka njia ya miguu iwe tupu wana hoja. Meza ikikaa juu ya mfuniko wa mtaro, hauzibuliwi, na masika yakifika maji yanahamia barabarani. Mwenye kiti cha magurudumu akizibiwa njia hushuka kwenye magari. Mwenye duka naye analipa pango, leseni na kodi huku bidhaa ileile ikiuzwa mlangoni pake.

Lakini anayesema "wakapange fremu kama wengine" hajapiga hesabu. Vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 vililenga mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Gawa kwa siku 300 za kazi: ni kama 13,300 kwa siku. Hayo ni mauzo, si faida! Toa pesa ya mzigo, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana. Kinachobaki hakilipi fremu ya mjini hata mwezi mmoja, sembuse kodi ya miezi sita inayodaiwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Na hata hiyo 13,300 inatokana na wapita njia. Mwenye barua ya maombi ya kazi hununua bahasha ya kaki hatua chache kabla ya kaunta. Hapandi gari kuifuata Ilala. Ndiyo maana ghorofa za juu za Machinga Complex, jengo la machinga lililoko huko Ilala, zilikosa wateja. Operesheni ya Oktoba 2021 ya kuwaondoa machinga barabarani ilihamisha meza, wateja wakabaki palepale, na ndiyo sababu wauzaji hurudi.

Kuna njia ya kati, na inapimika. Viti viwili vya magurudumu vipishane: mita 1.8. Meza sentimita 60, muuzaji nyuma yake sentimita 60 nyingine. Jumla mita 3. Palipo pungufu ya hapo, au penye mfuniko wa mtaro, asipangwe mtu. Panapotosha, jiji lichore mstari wa rangi, na mgambo wasimamie mstari huo badala ya kubeba meza.