Maneno 14 ya California: Ndoa Inapopelekwa Kwenye Sanduku la Kura

Tarehe 16 Juni 2008, katika ukumbi wa jiji la San Francisco, Del Martin na Phyllis Lyon, wanawake wawili waliokuwa pamoja kwa miaka 55, walifungishwa ndoa na meya. Martin alikuwa na umri wa miaka 87. Walikwisha kufunga ndoa hapo hapo Februari 2004, lakini mahakama ikaibatilisha miezi sita baadaye. Martin alifariki Agosti 2008, na Novemba wapiga kura wa California wakapitisha, kwa asilimia 52, Pendekezo la 8, lililoingiza katika katiba ya jimbo sentensi yenye maneno 14 ya Kiingereza: kwamba ni ndoa ya mwanamume na mwanamke tu iliyo halali na inayotambuliwa California.

Mwanasheria mkuu wa jimbo, Jerry Brown, alikuwa amebadilisha kichwa cha pendekezo hilo kabla ya karatasi za kura kuchapwa, kikasomeka kuwa linafuta haki ya watu wa jinsia moja kuoana. Waliolipendekeza walikwenda mahakamani kulalamika kwamba kichwa hicho kinawapendelea wapinzani wao, wakashindwa. Kwangu mimi kichwa kile kilisema kweli, kwa sababu ndoa zipatazo 18,000 zilikuwa zimekwisha kufungwa kati ya Juni na Novemba, na kwa hiyo wananchi hawakuwa wakiulizwa kama wanataka kutoa haki mpya, bali kama wanataka kuiondoa haki ambayo watu walikuwa wakiitumia.

Hata hivyo, hoja ya waliopiga kura ya ndiyo haifai kubezwa. Sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno, ilipitishwa mwaka 2000 kama sheria ya kawaida kwa asilimia 61 ya kura, kisha Mei 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Mtu aliyepiga kura kwa imani ya dini yake, akaona jaji mmoja ndiye aliyeamua mizani ielemee wapi, alikuwa na haki ya kuuliza ni nani hasa mwenye katiba. Isitoshe, tangu mwaka 2005 wapenzi wa jinsia moja waliojiandikisha walikuwa na karibu haki zote ambazo sheria ya jimbo iliwapa wanandoa, hivyo kilichobaki kugombewa kwa kiasi kikubwa kilikuwa jina lenyewe la ndoa. Na katiba ambazo majaji hutumia kuwalinda wachache mara nyingi hutokana na kura: tarehe 4 Agosti 2010, siku ile ile ambayo Jaji Vaughn Walker wa mahakama ya shirikisho alilibatilisha Pendekezo la 8, Wakenya walipigia kura katiba yao mpya, ambayo kifungu chake cha 45 kinampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti.

Ninapotofautiana na hoja hiyo ni kwenye kizingiti, yaani idadi ya kura zinazohitajika. Mwaka ule wa 2008, bunge la California lilihitaji theluthi mbili ya kura ili kupitisha bajeti au kupandisha kodi, ilhali kuwaondolea wakazi wa jimbo haki ya ndoa katika katiba kulihitaji kura moja tu zaidi ya nusu. Mwaka 2009 mahakama ya jimbo ilikubali, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, kwamba utaratibu huo ni halali, ingawa ilizinusuru ndoa zile 18,000. Ikawa jirani aliyefunga ndoa Oktoba ni mwanandoa, na aliyesubiri hadi Desemba hakuruhusiwa kuwa hivyo. Sioni jinsi ya kumweleza huyu wa pili kwamba ametendewa haki.

Ndoa zilirejea California Juni 2013, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kusema kwamba watetezi wa pendekezo hawakuwa na sifa kisheria ya kukata rufaa dhidi ya hukumu ya Jaji Walker, na mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ikaziruhusu nchi nzima kwa majaji watano dhidi ya wanne. Yale maneno 14, hata hivyo, yalibaki katika katiba bila nguvu. Mwaka 2022, mahakama hiyo ilipofuta ulinzi wa kikatiba wa utoaji mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba uamuzi wa ndoa nao uangaliwe upya, na wengi California wakaogopa kwamba maneno hayo yangeweza kufufuka. Waliokuwa wakisema kwamba haki haipigiwi kura wakalazimika kurudi kwenye sanduku la kura. Novemba 2024, kwa takriban asilimia 62, sentensi ile ilifutwa na mahali pake pakaandikwa kwamba haki ya kufunga ndoa ni haki ya msingi. Zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura walitaka ibaki.