Namba ya friji ya jirani haikuhusu

Kila mtu hapa Uganda ana namba yake ya friji, ile ya kwenye kidude cha kuzungusha cha kupangia baridi, na anaitetea kama timu ya mpira. Shemeji yangu wa Adjumani anaapa kwa tano. Mama mmoja wa hapa Bombo, muuza juisi na maji ya baridi, haishushi kutoka saba, mvua inyeshe, jua liwake. Fundi aliyetuletea friji aliiweka kwenye tatu, akasema "msiguse". Nawaheshimu wote, ila hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia ndani ya friji yake kuna nyuzi ngapi.

Namba za kwenye kile kidude cha kuzungusha si nyuzi joto. Zinaiambia tu mota ipumzike lini. Ukipandisha namba, baridi huzidi, ingawa wapo wanaoamini moja ndiyo baridi kali kwa kuwa iko karibu na sifuri. Sasa chukua friji mbili za aina moja, peleka moja Kabale ambako watu hulala na mablanketi mawili, nyingine Adjumani mwezi wa pili, zote uziweke kwenye tatu. Baridi ya ndani haitafanana. Ongeza na jinsi friji ilivyojaa, mlango unavyofunguliwa na watoto, na kama jiko la mkaa liko hatua mbili kutoka hapo.

Kinachotakiwa ni nyuzi 4 za Selsiasi ndani, au chini yake kidogo bila kugandisha mboga. Wamarekani wanasema 4, Waingereza wanasema isizidi 5, na Shirika la Afya Duniani nalo linataka chakula kikae chini ya 5. Friza iwe hasi 18. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana kwa kasi. Chini ya hapo hawafi, wanapunguza mwendo tu, kwa hiyo hata friji nzuri haigeuzi mchuzi wa Jumatatu kuwa wa Jumapili ijayo.

Nunua kipimajoto cha friji. Kile cha kupima homa hakifai, maana hakishuki hadi huko. Kitumbukize kwenye glasi ya maji, weka rafu ya katikati, lala. Asubuhi kisome kabla watu hawajaanza kutafuta maziwa. Maji yanasaidia kwa sababu hewa hubadilika kila mlango ukifunguliwa, nayo yanatulia. Ukikuta 8, panda namba moja, kisha subiri siku nzima kabla ya kugusa tena. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa.

Najua jibu la watu wa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla: namba ikipanda, yuniti zinaisha. Kweli, lakini kushusha namba hadi maziwa yaharibike ni kuhamisha hasara kutoka kwenye mita kwenda kwenye sufuria. Kuna pa kubania kwingine. Isogeze friji kidogo kutoka ukutani ipumue. Bana karatasi kwenye mlango. Ikivutika bila kushikwa na mlango, mpira wake umechoka. Sufuria ya maharage yanayotoa mvuke isiingie humo. Na maziwa yatoke mlangoni, ambako wenye viwanda wametuwekea rafu nzuri pahali penye joto kuliko pote; hapo weka soda.

Halafu kuna giza. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa huhimili kama saa 4, friza iliyojaa hadi saa 48, iliyojaa nusu, saa 24. Ukirudi, watu hukimbilia saba ili ipoe haraka. Haipoi haraka. Mota ya friji hizi za kawaida haina gia; inakwenda mwendo ule ule, ila inachelewa kuzima, na kesho kabichi ni barafu.

Nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa kikikaa juu ya nyuzi 4 zaidi ya saa 2, mimi natupa, na najua nyumbani kwa wazee kauli hiyo ni matusi. Wao watakuambia "chemsha tena". Tatizo ni kwamba kuna bakteria, wakiwemo wa kwenye wali uliolala nje, ambao huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Bakteria wamekufa, tumbo bado linakusumbua.

Kwa nyumba yenye insulini, dawa ya kisukari, hata sioni cha kubishania. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika hata kama baadaye itayeyuka ikaonekana safi. Mwenye sukari akifuata saba ya muuza juisi, akaibana chupa kwenye ukuta wa nyuma, anaweza kuipoteza dawa usiku mmoja. Kwake kipimajoto kinunuliwe kabla ya friji kujazwa chochote, na dawa ikae rafu ya katikati, mbali na ukuta huo.