Neno refu haliliwi kwa makofi

Kama kuna kitu kinaniudhi Lubumbashi ya sasa, ni darasa la Kiingereza linaloendeshwa kwa makofi: kila silabi ya neno, wanafunzi wanapiga kofi moja. Mtoto wa dada yangu anasoma jioni kwenye sentre moja komini Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Juzi alinionyesha zoezi lake: wakate neno "unauthorised", yaani asiyeruhusiwa. Yeye kakata un-authoris-ed. Mwalimu kampigia msalaba mwekundu, pembeni kaandika un-au-tho-rised. Makofi manne, pointi sifuri.

Bon, silabi ni nne, sibishi. Lakini kijana huyu anatafuta kazi migodini, na neno hilo liko kwenye vibao vya magetini. Mlinzi hatamuuliza lina silabi ngapi. Anachopaswa kuona ni kwamba un- inakanusha, na katikati amekaa "autorisé" wetu wa kila siku wa Kifaransa, kaongezewa h na é yake ikawa -ed. Alishaiona maana, wakamfundisha kuifunika.

Na kweli, sisi ndio wa kufundishwa kupasua maneno? Mama aliyepeleka mzigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akisema "batanilipa", nyumba nzima inafurahi. Akisema "batanilipisha", watu wanaanza kutafuta pesa. Ni -ish- peke yake iliyoingia hapo! Mtoto ambaye hajaanza shule anajua ba- ni kina nani, -ta- ni lini, na -ni- ni nani atakayeumia. Kichwa cha namna hiyo ukikipa "hydrometallurgical", kwa nini kiogope? Mji huu umeishi kwa shaba na kobalti, nani hajasikia "hydrométallurgie"? Ni kuyeyusha madini kwenye maji ya asidi badala ya kuyachoma tanuruni. -Ical ya mwisho inaligeuza kuwa neno la sifa, basi. Sentre wao wanaanza hy-dro-met-al-lur-gi-cal, makofi saba, darasa linacheka, na wanarudi nyumbani bila hata kujua kwamba mle ndani kuna maji.

Haya, silabi zina kazi yake kwenye matamshi. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na hausumbui mtu. Waingereza wanasema PHOtograph, halafu phoTOGraphy, mkazo umehama bila kuaga. Hapo pigeni makofi mpaka mchoke.

Ila msiniambie kuna ukataji mmoja ulioshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1783 Noah Webster wa Marekani alitoa kitabu chake cha tahajia akataka watu wakate clus-ter kama wanavyotamka, wakati walimu wa kabla yake walifundisha clu-ster. Wenye lugha yao walibishana, sisi huku tunagawa sifuri.

Mitego ipo, na hiyo ndiyo ningependa kuiona ubaoni. "Uncle" ni mjomba, un- yake haikanushi mtu. "Reach" haina re- ya kurudia. Halafu kuna "inflammable" iliyoandikwa kwenye lori la mafuta: aliyekariri kwamba in- ni kukanusha atadhani mzigo hauwaki. Unawaka, tena vibaya, sawasawa na kwa Kifaransa. Dereva anayeelekea Ndola, Zambia, na sigara mdomoni anahitaji somo hilo kuliko in-flam-ma-ble ya makofi manne.