Majani: kuyafagia au kuyalaza?

Mama yangu hawezi kuianza siku bila ya kufagia uwanja. Alfajiri, baada ya sala, utalisikia fagio la chelewa likikwaruza kuanzia mlangoni hadi chini ya mwembe, na likifika kwenye bustani halisimami. Jani la mgomba lililoanguka, ganda la muhogo, kijani chochote kilichochipua kati ya matuta ya mchicha, vyote vinasukumwa pembeni na jioni vinatiwa moto. Mimi, kwenye kiwanja changu cha Dole, nafanya kinyume. Nikipalilia, majani nayalaza papo hapo juu ya tuta, kisha naongeza makuti makavu na majani ya migomba. Alipokuja kunitembelea mara ya kwanza alitazama, akanyamaza, halafu akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, unaumwa?"

Hakuwa anatania. Kwake yeye, na kwa majirani wengi Unguja na Pemba, uwanja wenye taka ni dalili ya nyumba isiyo na mwenyewe. Na mabishano haya ya mama na mtoto ndiyo yaleyale ya mabwana shamba na wakulima: magugu yaondoshwe ardhi ibaki peupe, au ardhi ifunikwe, hata kwa magugu yenyewe?

Tuanze na hoja za mama, maana wapenzi wa mboji huzipita haraka kana kwamba ni ukaidi wa wazee. Mwenye wajukuu wanaokwenda miguu mitupu anataka kuona anapokanyaga. Chini ya makuti yaliyolala wiki tatu tandu hakosekani, na nyoka hufuata panya waliojificha humo. Konokono nao hujilaza mchana kwenye unyevu wa matandazo, na usiku mmoja unawatosha kuumaliza mstari mzima wa miche. Mchwa wakizoea makuti yaliyoegemea ukuta wa nyumba, hawachelewi kuhamia kwenye milango.

Halafu kuna chonga, na huyu ni tatizo letu hasa sisi watu wa minazi. Mdudu huyu mweusi mwenye pembe hutaga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi na mboji. Akishakomaa huruka kwenda kutoboa kilele cha mnazi. Mwaka jana nilifukua rundo langu nikatoa mabuu manane meupe, kila moja nene kuliko dole gumba langu. Kuku walikula karamu, lakini nilijiuliza ni mangapi yaliyokwishapata mabawa kabla sijafika. Tangu hapo napindua rundo kila baada ya wiki mbili tatu, na gogo la mnazi siliachi lioze uwanjani. Anayekwambia mboji haihitaji kazi, muulize ana minazi mingapi.

Sasa upande wa pili. Simama kwenye bustani iliyofagiwa baada ya mvua ya saa moja ya mwezi wa Aprili, kisha ligeuze jani la chini la mtungule, yaani mnyanya. Utaona madoa ya udongo, yamerushwa na matone. Pamoja na udongo huo hupanda vimelea vya magonjwa, ndiyo maana mitungule huanza kuungua kutoka chini kwenda juu. Tazama na ardhi yenyewe: jua likirudi, pale palipopigwa na matone panashika utando mgumu, na mvua inayofuata haizami tena, inateleza. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, Pemba kiasi cha 1,900, na sehemu kubwa humwagika katika miezi mitatu ya masika. Kwenye vilima vya magharibi ya Pemba, ukiyaona maji ya mtaroni yamekuwa mekundu, ujue hicho ni kinongo, udongo mwekundu wa shamba la mtu, kinateremka mikokoni.

Jembe nalo lina hila yake. Kila unapoligeuza dongo unapandisha juu mbegu zilizolala chini, na nyingi katika hizo zilikuwa zikisubiri mwanga tu. Unapalilia leo, baada ya siku kumi uwanja ni kijani upya, unalima tena. Matandazo yenye unene wa vidole vinne huzinyima mbegu mwanga huo na kuubakisha unyevu wakati wa kiangazi, mradi usiyabane kwenye shina la mmea, maana hapo utaliozesha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka jembe litupwe. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga, na ukiifunika kwa makuti haitoki. Kwa mmea unaovunwa baada ya wiki tatu nne tu, zile wiki mbili za mwanzo lazima tuta liwe safi, kwa mkono au kijembe, hakuna njia ya mkato. Muhogo nao unadhulumiwa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na ukishafunga kivuli unajitetea wenyewe. Kwa hiyo hapa mama yuko sawa kwa nusu ya kalenda, nami kwa nusu iliyobaki.

Lakini kubwa kuliko kalenda ni pale ulipo, na hapa ndipo ninapoona mjadala wetu unapotea. Dole nina kinongo, udongo mwekundu wenye kina. Nikiukosea leo, mwakani utakuwepo. Kwa mjomba wangu Makunduchi mambo ni mengine. Kule ni uwanda: mawe ya matumbawe yamejitokeza juu, na udongo umekaa vishimoni, pengine shubiri moja, pengine hata kidole hakizami. Unatafuta shimo, unalipanua kwa mtaimbo, unapanda mpapai wako. Zamani watu walifyeka kichaka, wakachoma, wakalima misimu michache, kisha wakahama kukiacha kirudi. Njia hiyo ilifaa ardhi ilipokuwa tele. Anayelima shimo lilelile nyuma ya nyumba kila mwaka hana kichaka cha kumrejeshea kitu. Kwake yeye jani linalofagiliwa na kuchomwa ni udongo wa kesho unaopaa na moshi.

Na majivu yake hayamsaidii. Tumezoea kusikia "tia majivu, ni mbolea." Kwenye kinongo kilichooshwa na mvua miaka na miaka, udongo huelekea kuwa na asidi, kwa hiyo majivu kidogo hayana neno, yanaweza hata kufaa. Uwanda lakini umezaliwa na matumbawe, yaani chokaa. Ukiuongezea majivu unaongeza kilekile kilichozidi, na madini kama chuma na zinki yanakuwepo ardhini huku mizizi haiwezi kuyachukua. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano na mishipa kubaki kijani. Mjomba alidhani mapapai yake yana njaa, akawa anayazidishia majivu. Alipoacha, akaanza kurundika majani mabichi na samadi iliyooza, yalipona polepole. Ilichukua masika mawili.

Hapo kwenye samadi pana jambo linalosahauliwa. Mbegu nyingi za majani hupita salama tumboni mwa ng'ombe, kwa hiyo anayemwaga samadi mbichi bustanini anapanda majani kwa mikono yake, kisha analaumu mvua. Ioze kwanza rundoni mpaka joto lipande: ukitia mkono katikati usivumilie, hapo mbegu nyingi zinakufa. Watu wa pwani ya mashariki wana bahati ya mwani. Paje, Jambiani na jirani zake hulima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na uliokatika hutupwa ufukweni na mawimbi. Hauna hata mbegu moja ya gugu la nchi kavu, na una potasiamu ya kutosha. Ila una chumvi, basi uache unyeshewe vizuri kabla ya kuufikisha kwenye tuta. Makumbi yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kamba nayo ni hivyohivyo.

Imebaki dawa ya kuua majani, na nakiri niliitumia. Glaifoseti, mojawapo ya dawa hizo, iliingia sokoni mwaka 1974, na dunia haijaacha kuigombania. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Wadhibiti wa Marekani na Ulaya wakasema ikitumiwa inavyoelekezwa haioneshi hatari hiyo, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukairuhusu kwa miaka kumi mingine. Mwenye eka tatu na mgongo mbovu ana haki ya kuupima ushahidi huo kwa namna yake. Isitoshe, dawa haifukui ardhi, na kwenye mteremko hilo si jambo dogo.

Bustani ya nyumbani, kwa maoni yangu, ni kesi nyingine. Neno "ikitumiwa inavyoelekezwa" linahitaji maelekezo. Mimi niliuziwa dawa yangu ndani ya chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi, haina kipimo, na muuzaji akanielekeza kwa vifuniko. Nilipiga asubuhi yenye upepo kidogo. Migomba mitatu ya jirani ikatoa majani membamba kama kamba, nikaenda kuomba radhi na mkungu wa ndizi nilioununua sokoni. Na kwenye uwanda kuna la ziada: mawe yale yana nyufa na mapango, maji ya mvua hayachujwi sana kabla ya kufika chini, na kisima kipo hatua chache kutoka kwenye tuta. Sitapiga tena.

Kilichonisukuma kununua ni ndago. Ukiijua utanisamehe. Juu unaona vijani vitatu vyembamba, chini kuna vijitunguu vyeusi vilivyounganishwa kama shanga. Ukipiga jembe unaikata ile shanga, na kila punje iliyokuwa imelala inaamka peke yake. Matandazo inayatoboa kwa ncha yake kama sindano. Kwa hiyo fagio la mama limeshindwa, makuti yangu yameshindwa, dawa iliikausha juu na baada ya mwezi ikarudi. Udhaifu wake pekee niliouona ni kivuli. Pale nilipopanda matembele yakatambaa yakafunga, na pembeni yake maboga, ndago imekonda msimu hadi msimu. Haijaisha, na sitegemei iishe.

Si kila kinachoota bila kupandwa ni ndago, lakini. Mchunga, mnavu na tako la hasani huja wenyewe mvua zikianza, na mama huyo huyo wa fagio akiona mchunga hukunja kanga na kuuchuma kwa mboga ya jioni. Nilipomwambia kwamba ameacha gugu makusudi alinijibu kwamba mchunga si gugu, ni mchunga.

Tumegawana uwanja. Hatua kumi kuzunguka nyumba na njia ya kwendea kisimani ni zake, zinafagiliwa peupe, na nyoka hana pa kujificha. Kutoka hapo hadi kwenye ua ni pangu pa kulaza. Siku hizi akija Dole taka zake hazichomi, anazisukumia kwenye shina la mgomba. Nilipomsifu alisema ni kwa sababu kibiriti kilikuwa kimerowa.