Wren alikosa pa kulala

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema Wren, yule msichana wa filamu ya Smithereens (1982) ya Susan Seidelman, ni mbinafsi anayetaka umaarufu bila kipaji, na upanki wake, yaani ule uasi wa vijana wa muziki wa punk, ni mavazi tu. Kipaji kweli hana, hilo sibishi. Lakini nimeitazama mara tatu na kila mara naona kodi ya chumba kabla sijaona miwani na viatu vyake. Mwenye nyumba anamfungia nje, na kuanzia hapo kila mwanamume anayemwendea pale New York ni mahali pa kulala kwanza: Paul na gari lake ambalo ndiyo nyumba yake, kisha Eric mwanamuziki na ahadi zake za Los Angeles. Mimi niliwahi kupigiwa kufuli juu ya kufuli langu, Manzese, nikiwa na miaka 22. Wiki ya kwanza unabisha hodi kwa rafiki umebeba mkate. Wiki ya tatu unahesabu ni nani bado hujamchosha, na uongo unakuja wenyewe mdomoni. Ndiyo maana zile karatasi anazobandika kwenye treni za chini ya ardhi, sura yake na swali "Huyu ni nani?", zinaniuma kila nikiziona. Na filamu yenyewe ilitengenezwa kwa takriban dola 40,000 tu, ikafika kushindania Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes! Mlioiona, pale mwisho mtu mwenye gari anapomsemesha barabarani, Wren anageuka na picha inaganda, nyie mnadhani aliingia kwenye gari la yule mtu au aliendelea kutembea?